Nafasi Moja kwa Watu Watatu

Kaeni. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele huko sina la kuchekesha. Haya si ya enzi za wanyama kusema. Ni ya mwaka huu, ofisini kwetu Mbeya, na mimi Mama Lusajo nimo ndani yake.

Nina wafanyakazi watatu chini yangu. Ngwilizi ana subira ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, jambo ambalo siku hizi ni adimu. Sekela husoma programu za zamani kama ninyi mnavyosoma ujumbe wa simu. Mwanakheri ana mkono: akiandika programu, imesimama. Wote watatu ni wafanyakazi wa muda. Wa muda, na miaka saba imeshapita! Mikataba yao inaisha mwisho wa mwezi, na mkurugenzi ametoa nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Apewe aliyeziponya mashine za hospitali, kasema, nami ndiye wa kumtaja.

Mashine zenyewe ni skrini zinazoonyesha mapigo ya moyo ya watoto wachanga. Mfumo unaoziendesha tuliuandika wenyewe, mpaka kiini chake. Kazi kubwa ya kiini ni kugawa nafasi. Kila programu inayotaka kufanya jambo huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, na kiini huitafuta na kuitoa. Kikichelewa kutoa, kila kitu kinachelewa.

Muuguzi mmoja alilalamika kwamba skrini inasema uongo. Mtoto anabadilika rangi, yeye anamwona, na skrini bado inaonyesha moyo unakwenda vizuri. Tulimjibu kwamba hajui kutumia mashine, na jibu hilo niliandika mimi. Ngwilizi akapanda basi, akakaa naye wodini siku nne na saa yake ya mkononi. Akarudi na namba: asubuhi mashine ikishawashwa upya, skrini inachelewa sekunde moja, ikifika mchana, sekunde kumi na moja. Kwa kichanga, jamani! Akarudi pia na habari kwamba wiki ile kuna mama aliyetoka wodini mikono mitupu. Kama ni kwa sababu ya skrini au siyo, hakuna anayejua, wala hatajua.

Sekela alizichukua namba zile akajiuliza kwa nini mchana. Akakifungua kiini, maelfu ya mistari, akaisoma mmoja mmoja kwa siku tisa. Akakuta kwamba kiini kikiombwa nafasi huanza kutafuta tangu mwanzo wa orodha, kila mara, kama mpokea wageni wa harusini anayemzungusha kila mgeni kuanzia kiti cha kwanza wakati safu za mbele zimejaa zamani, na kadiri siku inavyosonga zilizojaa zinaongezeka. Juu ya mstari unaoamuru hivyo paliandikwa: "Ya muda tu. M.K." Tarehe ilikuwa ya miaka saba iliyopita. Sekela hakuja kwangu. Aliuchapisha ukurasa ule, akaulaza kifudifudi mezani kwa Mwanakheri, akaenda kunywa chai.

Mwanakheri alikuwa ameuweka mstari ule ili awinde hitilafu nyingine. Kabla hajauondoa tukamhamishia kazi nyingine, akasahau. Kuufuta tu hakukufaa. Sekela alijaribu kwenye mashine za majaribio hapa ofisini na skrini zote zikazima, maana mengi yalishajengwa juu yake. Ni Mwanakheri peke yake aliyekumbuka kipi kinategemea kipi. Aliandika upya kwa wiki tatu, mpaka kiini kikawa na orodha fupi ya nafasi tupu, kikiombwa kinatoa papo hapo. Ngwilizi akaenda kupima tena. Sasa skrini haichelewi hata sekunde moja, asubuhi na mchana.

Kwenye kikao cha kujadili nafasi ile ya ajira Mwanakheri angeweza kunyamaza. Akasimama akasema, "Mama Lusajo, mstari ule ni wangu. Andika jina la mmoja wa hawa wawili. Langu usiliandike."

Sekela akapinga, akasema bila huyu skrini zingekuwa zinachelewa hadi leo. Ngwilizi aliuliza kitu kimoja tu, kama yule muuguzi ameshaombwa radhi.

Sasa sikieni kilichoninyima raha. Kwetu mstari hauingii kwenye kiini mpaka mtu wa pili ausome na kuupitisha, na jina lake huandikwa pembeni. Jina hilo lilikuwamo kwenye ukurasa uleule. Sekela ameliona, Mwanakheri ameliona, na hakuna aliyelitaja. Ni langu. Niliupitisha bila kuusoma, kwa sababu ulisema ni wa muda tu. Na mimi, ndugu zangu, ni wa kudumu.

Fomu ninayo hapa. Ina sehemu moja ya jina, na inatakiwa Ijumaa. Je, ninyi mngeandika la nani? La Ngwilizi aliyesikiliza, la Sekela aliyeona, au la Mwanakheri aliyetengeneza alichokiharibu mwenyewe? Na kabla hamjanijibu, niambieni kwanza: je, kalamu hii nilistahili kuishika mimi?