Shuka la Viraka Arobaini

Palikuwa na Liwali mmoja mjini Kitopeni, jina lake Shamte, aliyeamini kwamba kitu akishakitupa ndipo kinapozidi kuwa chake. Siku moja alitupa ganda la ndizi nje ya dirisha, punda akalitafuna, punda akashtakiwa. Naam, punda! Alifungwa siku tatu, na alipotoka alikuwa amenenepa.

Katika mji huohuo aliishi Somoe, fundi cherehani, mjane, maskini wa kutupwa, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Vitambaa vipya alivisikia kwa watu. Yeye alinunua nguo kuukuu za fungu mnadani, akapekua majalala, akaokota. Mwavuli uliovunjika aliugeuza kanzu ya mtoto. Kata ya kifuu iliyopasuka aliichonga vifungo. Na hakushona kitu kile kile mara mbili, maana takataka, alisema, hazizaliwi pacha.

Mwaka ule bintiye, Mwanamvua, alichumbiwa. Somoe akakaa miezi saba akishona shuka la kitanda cha harusi: viraka arobaini, na kila kiraka alikumbuka alikokitoa. Hariri ilikaa kando ya gunia, mistari ikakutana na maua, na wala havikugombana. Lilikuwa zuri, jamani, zuri la kumfanya mtu atake kulala saa nne asubuhi. Na lilihitajika, kwa sababu bi harusi wa Kitopeni asiyetandikiwa shuka na mama yake huchekwa na mawifi mpaka aote mvi.

Siku mbili kabla ya harusi, Somoe akalianika uani. Liwali akapita. Macho yakamtoka.

"Lile pale ni pazia langu!"

Kweli, kiraka kimoja kilitoka kwenye pazia lake. Alilitupa mwaka juzi baada ya paka kulikojolea.

"Ulilitupa, Bwana Liwali," Somoe akasema.

"Nililitupa. Sikulitoa. Kesho ulilete barazani. Lote!"

"Pazia ni kiraka kimoja tu, Bwana."

"Pazia langu halilali na vitambaa vya watu wengine. Kwa hiyo vyote ni vyangu."

Majirani wakamshauri Somoe: mwenye nguvu mpishe. Somoe akalia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, akapenga kamasi kwenye kitambaa, akakifua kitambaa, akakiweka akiba.

Kesho yake baraza lilijaa. Liwali alikaa juu, na pembeni yake mkewe, Bi Mkuu, akijipepea kwa kipepeo cha ukindu. Bi Mkuu hakuwa msemaji. Alikohoa tu, na Liwali, ambaye hakumwogopa mtu, alikiogopa kikohozi kile.

"Shuka hili hapa," Somoe akasema. "Lakini desturi ya mji, Bwana?"

"Desturi! Desturi!" watu wakapokea.

Desturi yenyewe ilikuwa kongwe kuliko ukoo wa Liwali. Anayedai nguo ya viraka huweka mkono juu ya kila kiraka, mbele za watu, na kusema ni chake. Kimoja kikimshinda, nguo yote imemponyoka.

Liwali akacheka. "Viraka arobaini ndiyo nini? Tandaza!"

Somoe akatandaza. Alichohitaji ni huyu bwana aendelee tu kuwa alivyo.

"Hiki cha maua?"

"Pazia langu."

"Hiki cheupe?"

"Kilemba changu."

"Hiki chenye maandishi?"

"Changu. Nilikivaa Idi."

"Ni gunia la unga, Bwana."

"Unga wa ngano! Sivai mahindi."

Watu wakaanza kushikana mbavu.

"Na hiki kinachonuka?"

"Changu."

"Ni tandiko la punda."

"Punda yupi? Yule mwizi wa ganda langu? Yule ni mfungwa wangu, na tandiko lake ni langu."

"Hiki cha kijani je? Hiki ni gagulo la marehemu bibi yangu."

"Nilimwazima, hakurudisha."

"Alikufa kabla hujazaliwa, Bwana."

"Ndiyo maana hakurudisha!"

Wakaenda hivyo, kiraka kwa kiraka. Liwali alidai soksi, akadai chandarua, akadai winda la mtoto wa muuza mkaa na kuapa kwamba bado linamtosha. Vikafika thelathini na tisa. Jasho la furaha likamtiririka.

"Kimebaki kimoja," Somoe akasema. "Hiki cha katikati. Kikoi chekundu chenye ukingo wa zari."

"Changu!" Kiganja cha Liwali kilishatua kabla hajamaliza.

"Usiharakishe, Bwana. Kitazame kwanza."

"Cha nini nikitazame? Nimekivaa mpaka kimechoka."

Somoe akashusha pumzi. Akainua mikono juu.

"Alhamdulillahi! Mwaka mzima namtafuta mwenyewe. Nilikiokota alfajiri, nikienda zangu jalalani, kimenasa kwenye msumari wa dirisha la mjane Bi Nunu. Dirisha la nyuma, Bwana, lile la chumbani. Na aliyekivaa alitoka kwa haraka, maana hata ndara moja aliiacha."

Kipepeo cha Bi Mkuu kikasimama. Bi Mkuu akakohoa, mara moja tu.

Mkono wa Liwali ukaanza kujiondoa kwenye kiraka, kidole kimoja kimoja.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo. Labda sikukitazama vizuri."

"Kitazame, Bwana Liwali, kitazame taratibu," Somoe akamjibu. "Kisipokuwa chako, shuka nalibeba mimi nikamtandikie mwanangu. Kikiwa chako, libebe wewe, ukalilalie peke yako."