Mashine ya Kusaga na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Wanangu, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeingia kwenye ndoa na mashine yake ya kusaga, urithi wa mamake. Kabla ya harusi wakaandikiana: ndoa ikivunjika, mashine ni ya mke. Na desturi ya kwao, hakuna anayetia dole gumba mpaka karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wakwe.

Ndoa ikavunjika. Mume akasimama mahakamani, kifua mbele. "Mheshimiwa, mimi sikusomewa kitu. Nilishikwa mkono, nikatia dole. Kichwani nilikuwa na harusi tu!"

Hakimu akamgeukia mke. "Mama, karatasi naiona. Nionyeshe kwamba huyu alijua anachokubali."

Mashahidi walikwisha kuzikwa. Ushahidi ulibaki mmoja, nao ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mstari wa mwisho wa karatasi: ng'ombe wa mama mkwe na uzao wake, mke asiwaguse. Na ng'ombe wenyewe walikuwa wapi? Zizini kwake! Siku zote aliwaambia watu, "Wamezalia kwangu, ni wangu." Mahakamani alikuja kutafuta vyote viwili, mashine na ng'ombe. Ungekuwa wewe, mwanangu, ungeutaja mstari huo?

Akakaza kilemba. "Mheshimiwa, muulize mstari wa mwisho uliombwa na nani."

 Mzee wa baraza, aliyeketi kando ya hakimu, akamgeukia mume. "Bwana wewe, kama hukusomewa, ng'ombe wa mamako aliingiaje humu?"

"Mama ndiye aliyenisisitiza, nikawaambia waongeze..." Watu wakaangua kicheko. Kajifunga mwenyewe!

"Karatasi ni halali," akasema hakimu.

Mume akaruka. "Basi nipewe na ng'ombe wa mama!"

Shangazi yake mke, aliyekaa nyuma yake, akamvuta kanga. "Kanusha, wewe! Sema walikufa!"

"Niache, shangazi. Nimekuja hapa kusema ni halali. Ni halali yote."

Jioni ile akafungua zizi kwa mkono wake. Watoto wakanywa uji mtupu, bila maziwa. Asubuhi mashine ikanguruma.

Na sisi je? Tunamshika Mungu kwa maneno yake: ulisema utanilisha, ulisema utaniponya! Tunapiga magoti mpaka yanachubuka. Tukifika pale anaposema msamehe jirani yako, rudisha cha watu, tunaukunja ukurasa. Agano gani hilo la upande mmoja?

Hapa tulipo kuna mwenye ng'ombe wa mtu zizini. Simtaji. Usingoje niseme amina, mwanangu. Nenda kafungue.