Fundi Aliyelipwa Kutazama Nyumba

Hebu fikiria uko Tukuyu, asubuhi ambayo mvua imepumzika kidogo. Mbele yako kuna nyumba ya vyumba vitatu yenye kibaraza kilichoezekwa mbele, bati lake limefifia rangi. Sogea karibu. Unauona ule ufa? Unaanzia pembeni mwa mlango wa mbele na kupanda mpaka karibu na paa. Ncha ya kidole chako kidogo inaingia humo bila taabu.

Sasa watazame watu wawili waliosimama mbele ya ufa huo. Ni Ambakisye, dereva wa lori la chai, na mkewe Tusajigwe, fundi cherehani. Wameishi nyumba za kupanga kwa miaka kumi na saba na wamehama mara sita. Akiba yao yote ni milioni thelathini na moja. Mama Lugano, mjane mwenye nyumba hii, anataka milioni ishirini na nane. Anahamia kwa binti yake Mbeya, na amewaomba jibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu yuko mtu mwingine anayekitaka kiwanja. Huyo nyumba ataibomoa.

Ambakisye alifanya kama tunavyofanya wengi wetu. Aliwaita mafundi waje kuangalia mara moja. Kuangalia ni bure, kwa maana fundi huja akitumaini kupewa kazi. Wa kwanza alisimama mlangoni, akasema matengenezo ni milioni nne. Wa pili akasema sita. Wa tatu, Gwakisa, alipiga goti mbele ya kibaraza, akachungulia chini yake, akatazama saa, akainuka.

"Tisa," alisema. "Na hapo nimewahurumia."

Jioni Ambakisye aliisukuma sahani yake kabla hajashiba.

"Basi," alisema. "Tumwachie huyo wa kubomoa abomoe."

Tusajigwe alikuwa akikunja vitambaa vya wateja wake. "Mtu akiniletea kitambaa ndani ya mfuko," alisema, "akaniuliza bei ya kushona kabla hajaufungua, nitamtajia bei gani?"

"Kubwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hujui humo ndani kuna nini."

"Haya. Kesho tumwite Gwakisa tumlipe aufungue mfuko."

"Tumlipe kwa kutazama? Macho si anayo tayari?"

"Macho anayo, baba. Muda ndio hana."

"Na kwa nini yeye? Ndiye aliyetutisha kuliko wote."

"Wenzake hawakupiga goti," alisema Tusajigwe, akaendelea kukunja.

Kesho yake Gwakisa alipewa elfu themanini mkononi. Alizitazama kwa mashaka.

"Mnanilipa nitazame?"

"Siku nzima," alisema Tusajigwe. "Uangalie kila unachotaka."

"Na kazi yenyewe?"

"Huenda tukakupa wewe. Huenda tukampa mwingine. Huenda nyumba yenyewe tusinunue. Hizo ni zako hata kama jibu ni baya."

"Dada, wewe si mtu wa kodi?"

"Ningekuwa mtu wa kodi ningekupa au ningekunyang'anya?"

Gwakisa alicheka, akamwamkia Mama Lugano, akavua koti.

Kwanza alipanda darini na tochi, akachoma mbao zote za kenchi kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, kuona kama kuna iliyoliwa na mchwa. Kisha aliomba maji. Ambakisye alipanda ngazi akamwaga ndoo baada ya ndoo juu ya bati, na Gwakisa akakaa ndani akitazama yanapopenya. Alibandua plasta kidogo kando ya ufa. Mchana alichukua sururu, akachimba pembeni mwa ukuta mpaka shimo likamfika magotini, halafu akachimba jingine chini ya kibaraza. Ambakisye hakuweza kutulia. Alizunguka nyumba mara nne, na kila alipopita hakuuliza kitu, kwa kuogopa kujibiwa.

Saa tisa alasiri Gwakisa aliwaita wote watatu.

"Tazameni hapa," alisema, akionyesha shimo la kwanza. Chini ya ukuta kulikuwa na mawe makubwa yaliyopangwa vizuri na kushikwa kwa saruji. "Sasa tazameni na hapa." Chini ya kibaraza hapakuwa na jiwe hata moja. Ulikuwa udongo mtupu, na juu yake zege jembamba kama chapati.

"Nyumba haiendi popote," alisema. "Kinachozama ni kibaraza. Kiliongezwa baadaye, na paa lake likapigiliwa kwenye ukuta wa nyumba. Kila kikizama kinavuta plasta. Nimeibandua, na matofali yaliyo nyuma yake ni mazima."

"Kwa hiyo milioni ngapi?" aliuliza Ambakisye.

"Hakuna milioni. Kukibomoa kibaraza, kupiga plasta upya na kubadilisha mabati mawili yanayovuja, laki saba."

Ambakisye alikaa palepale juu ya udongo uliochimbwa, akiwa na suruali yake ya kanisani. Mkewe alijifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakatikisika. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka, hata yeye mwenyewe.

"Fundi," alisema Ambakisye, "jana ulisema tisa."

"Jana nilikuwa nimeacha zege limeshachanganywa kwa mteja mwingine. Niliona chini ya kibaraza kuna jambo, lakini nafasi ya kuchimba sikuwa nayo. Nisichokiona, kaka, nakiwekea bei. Nikitaja kidogo, halafu msingi ukutwe mbovu, hasara ni yangu."

Mama Lugano alikuwa bado ameinama juu ya shimo la kwanza, akiyatazama yale mawe.

"Hii nyumba aliijenga mume wangu," alisema. "Tangu afariki, kila anayekuja kununua ananionyesha ule ufa. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba alijenga vibaya." Alifuta macho kwa kiganja. "Kibaraza yeye hakukitaka. Nilikitaka mimi. Nilingoja asafiri, nikamleta mtu wa bei rahisi."

Kisha wote wakaangua kicheko, na Mama Lugano ndiye aliyecheka muda mrefu kuliko wengine.

Ijumaa waliandikiana mauziano ofisini kwa mtendaji, na yule mtu wa kiwanja akaambiwa atafute kwingine.

Funzo: Fundi aliyeitwa bure hukisia, na gharama ya kukisia kwake huibeba wewe, ama kwa kuikimbia nyumba nzuri, ama kwa kuinunua iliyo mbovu. Mlipe mtu muda wake, na umwachie uhuru wa kukuambia lolote. Ukimtumia mwenzako hadithi hii, tafadhali mwombe akumbuke jambo moja tu: kabla hujaogopa bei, uliza kwanza kama aliyeitaja alipata nafasi ya kutazama.