Kiraka Aliyepata Jezi Yake

Wapendwa, mnaoijua raga na msioijua, twendeni uwanjani kidogo. Kulikuwa na mchezaji mmoja wa timu ya taifa, katika ile raga ya watu kumi na watatu. Mwepesi, mikono kama imepakwa gundi. Winga akiumia, anaitwa yeye. Senta akifungiwa, anaitwa yeye. Mlinzi wa mwisho, yule anayesimama peke yake nyuma ya wenzake wote, akishikwa na homa, kocha anaita jina lile lile. Mashabiki wakambandika jina: Kiraka.

Mnacheka, lakini lilimuuma. Ameichezea nchi yake nyumbani na ugenini, na kila safari jezi ina namba nyingine. Siku yake ya kuzaliwa mkewe alitaka kuandika namba ya jezi juu ya keki, akakosa aandike ipi. Basi bwana yule akawa anaomba, "Ee Mungu, na mimi nipe pangu."

Mungu si Athumani. Mashindano makubwa yalipokaribia, kocha alimwita akamwambia, "Winga ya kushoto ni yako. Mashindano yote, sikuhamishi." Alitoka pale nusura aruke. Hakuuliza aliyekuwa akicheza winga ile amekwenda wapi. Mtu huyo alikuwa nahodha wao, na sasa Kiraka alimwona akifanya mazoezi kule nyuma, kwenye nafasi ya mlinzi wa mwisho. Akadhani ni mipango ya kocha tu.

Siku ya fainali walikuwa mbele kwa pointi mbili, muda unayoyoma. Nahodha akadaka mpira wa juu, akagongwa, goti likapinda. Akatolewa kwa machela. Benchi lilibaki na majitu mazito ya mbele, hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama nyuma. Kocha alikuwa ameahidi, kwa hiyo hakuamuru. Alimtazama Kiraka tu.

Na Kiraka aliyaona macho yale. Kazi ile aliijua kuliko wote. Lakini moyoni akasema, nikirudi nyuma leo, nitakuwa kiraka mpaka nistaafu. Akainama, akaanza kufunga kamba za viatu. Na kamba zilikuwa zimefungwa, jamani! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu alikuwa ameshiba juzi tu.

Nyuma likapelekwa jitu mojawapo. Wapinzani si wajinga. Wakapiga mpira juu, ukamponyoka, wakakimbia nao hadi mstari wa mwisho, wakapata pointi nne. Kombe likaenda.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kiraka alimkuta nahodha amewekewa barafu gotini.

"Pole, kaka."

"Asante, litapona. Ila niambie, mbona hukurudi nyuma?"

"Kaka, winga ile nimeililia miaka mingi. Niliogopa nikiiacha sitaipata tena."

Nahodha akamwambia, "Ulidhani ilikuwa wazi? Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemwomba kocha akupe, mimi nirudi nyuma. Akaniuliza, 'Na ukiumia huko?' Nikamwambia, 'Nikiumia, yupo yeye.'"

Wapendwa, bwana yule alilia, na mimi ningelia. Maana sisi tunapenda kusema, "Hapa ni pangu, nimepaombea." Sawa, umepaombea. Lakini nani alisogea ili upate pa kukaa? Kuna dada aliyeacha shule ili wewe usome. Kuna mama aliyekaa kando kwenye kwaya ili sauti yako isikike. Walisogea kimya kimya, wakiamini kwamba siku pengo likitokea, wewe utakuwepo. Je, upo?

Jumapili iliyopita mzee wa kanisa alisimama hapa akatangaza kwamba watoto wetu hawana mwalimu wa Shule ya Jumapili. Sote tulisikia. Wengine humu mlifundisha zamani, mnaijua kazi ile kuliko wote. Leo nauliza mara ya pili: nani atasogea?

Naona wengi mmeinama. Inueni vichwa, wapendwa. Kamba zimeshafungwa.