Tunu, Mnana Aliyelelewa na Tetere

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa kule nyuma mnasinzia au? Paukwa tena!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na Tetere. Mnamjua Tetere, yule njiwa mdogo. Kujenga hajui, basi tu. Anaweka kijiti hapa, kijiti pale, kamaliza, anataga. Masika yakija, upepo vuu, mayai puu, chini. Masika mawili yalipita hivyo, na mara zote mbili alilia mpaka sauti ikakauka.

Siku moja akaokota yai majanini. Si lake, la mnana, yule ndege wa manjano anayesuka viota. Akaliatamia. Likatoka kinda, akaliita Tunu, akalipenda kama la kuzaa mwenyewe.

Tunu akakua. Lakini akiona unyasi hatulii. Anaung'ata, anaupitisha huku, anautoa kule, anakaza. Tetere akiona, anafumua.

"Mwanangu, kwetu hatufungi mafundo. Umeyaona wapi haya?"

"Sijayaona popote, mama."

"Basi acha."

Tunu anaacha. Kesho anafunga, mama anafumua. Keshokutwa anafunga, mama anafumua. Na wala hakuwa mama mbaya.

Masika ya tatu yakafika. Tetere katoka kutaga mayai mawili juu ya vijiti vyake vilevile. Wingu likajaa, tawi likayumba, vijiti vikaanza kuachia kimoja kimoja. Tetere akatandaza mbawa. Akahisi yai moja linateleza.

"Tunu, mwanangu, yanakwenda haya."

Tunu alishakamata unyasi. Akazama chini, akazuka juu. Akapitisha, akavuta, akakaza. Shu, shu, shu. Mvua inampiga, yeye anasuka. Akaziba chini, akaziba ubavuni, akakifunga kiota kwenye tawi. Tetere aliduwaa, hata kuogopa akasahau. Mtoto huyu hajaona kiota cha mnana tangu azaliwe, na mdomo wake unakwenda kama mkono wa fundi mzee.

Jua lilipotoka, mayai yalikuwepo yote mawili, yana joto.

"Nani kakufundisha?" Tetere aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna, mama. Hata mimi sijui. Mdomo unaanza wenyewe."

Tetere akasisimka mwili mzima. "Basi hiyo ndiyo hulka," akasema. "Umezaliwa nayo. Nami kila siku nilikuwa naifumua. Nisamehe, mwanangu."

Mayai yakaanguliwa, makinda yakakua. Siku ya kwanza kushuka dimbwini, wale tetere wawili wakatia midomo majini, wakanywa funda kwa funda bila kuinua kichwa. Tunu, aliyezoea kuinua kichwa kila funda, akajaribu hivyohivyo, akapaliwa, akakohoa mpaka akaketi. Wadogo zake wakamcheka. Tetere yeye hakucheka. Alikuwa anawatazama wanywaji wake, na moyo unamwenda mbio, maana hao nao hakuwafundisha.

Basi jamani, funzo ni hili: kila mtoto huja na kitu chake alichozaliwa nacho. Kitazame kwanza kabla hujakifumua.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia aende nayo kwao.