Mstari wa Mkaa Mkononi mwa Nakiete

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliokwisha kulala? Paukwa!

Pakawaaa!

Naam, sasa nawasikia. Sogeeni basi.

Zamani hizo, zamani kwelikweli, wadudu walipokuwa bado wakijibu wakiulizwa, palikuwa na mrina asali aliyeitwa Mbonea. Aliishi mlimani, kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Mbonea alikuwa mtu mwema, ila hakujua kutulia. Akiketi kula, goti linacheza. Akienda kulala, anaamka kuangalia kama mlango umefungwa, kumbe ameufunga mwenyewe. Mkewe, Nakiete, alikuwa mkunga. Yeye ndiye aliyepokea karibu watoto wote wa kijiji kile, na mikono yake ilikuwa mitulivu kama maji ya mtungini.

Walikuwa na binti mmoja, Namkunda. Namkunda alikuwa ameolewa mbali, na sasa, tumbo likiwa limeshuka, alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyokuwa desturi.

Asubuhi moja Nakiete aliingia ghalani kutoa nguo kuukuu laini za kumpokelea mjukuu. Zilikuwa zimekunjwa ndani ya tenga, nyuma ya mahindi, na tenga lilikuwa halijafunguliwa siku nyingi. Akapenyeza mkono wa kulia hadi chini.

"Aa!" akasema.

Hakupiga kelele. Alisema "Aa!" tu, kama aliyechomwa na mwiba. Akatoka nje, akauangalia mkono wake kwenye mwanga. Juu ya kiganja, chini ya kidole gumba, palikuwa na alama nyekundu, na katikati yake vitundu viwili vidogo.

Mbonea alikuwa amekwisha fika. "Nini? Nini? Nini hicho?"

"Kitu kimeniuma. Nafikiri buibui."

"Unafikiri? Hukumwona?"

"Baba Namkunda, kulikuwa na giza. Niletee maji."

Mbonea alikwenda kuleta maji, akafika nusu ya njia, akageuka. Maji gani? Atawezaje kuleta maji na hajajua aliyemuuma mkewe ni nani? Akampa Namkunda mtungi, yeye akakimbilia shambani.

Huko alimkuta Nyuki kwenye ua la boga.

"Nyuki, nani aliyemuuma mke wangu?"

"Si mimi, Baba Namkunda. Mimi nikiuma naacha mwiba wangu, na uhai wangu naacha palepale. Je, umeuona mwiba?"

"Sikuuona."

"Basi nenda mbele."

Akaenda mbele. Akamkuta Siafu njiani, na wenzake nyuma yake.

"Siafu, nani aliyemuuma mke wangu?"

"Si sisi, Baba Namkunda. Sisi tukiuma tunauma sote, na mtu huruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Je, aliruka?"

"Hakuruka."

"Basi nenda mbele, unatukanyagia njia."

Akaenda mbele. Akageuza jiwe, akamkuta Tandu amejikunja.

"Tandu, nani aliyemuuma mke wangu?"

"Si mimi, Baba Namkunda. Mimi nikiuma, mtu hulia akasikika ng'ambo ya mto. Je, alilia?"

"Alisema 'Aa!' tu."

"Basi unajua pa kwenda. Nirudishie jiwe langu."

Mbonea alirudi mbio nyumbani, akachukua kijinga cha moto jikoni, akaingia nacho ghalani. Akainamia tenga. Ndani, kwenye mkunjo wa nguo, alikuwapo Buibui mweusi, miguu yake imekumbatia kifuko cheupe cha mayai.

"Nani aliyemuuma mke wangu?"

"Ni mimi," akasema Buibui.

Mbonea alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Kwa ukweli hakuwa amejiandaa. Akakisogeza kijinga karibu.

"Kwa nini?"

"Kitu kikubwa kiliingia gizani kikawabana watoto wangu. Sikuuliza jina."

"Nitakuchoma!"

"Nichome. Nguo za mjukuu wako zitaungua pamoja nami, na mahindi yenu ya mwaka mzima yako hapo nyuma."

Mbonea alirudisha kijinga nyuma kidogo. Jasho lilimtiririka. "Basi nipe dawa."

"Sina dawa."

"Wewe ndiye uliyemuuma! Nipe dawa!"

"Baba Namkunda, mimi nina sumu. Dawa sina."

"Angalau niambie, atapona?"

Buibui akakivuta kifuko chake karibu. Kisha akasema, "Nzi hufa. Mjusi mdogo huyumba, akaenda zake. Mtu, sijui. Sijawahi kukaa nikamwangalia."

Hilo ndilo lililommaliza Mbonea. Hata mwenyewe aliyeuma hajui! Akatoka ghalani, akazunguka nyumba, akarudi. Akazunguka tena, akarudi. Mara ya tatu akaingia ndani.

Nakiete alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono umeinuliwa juu ya mto. Alikuwa ameuosha kwa maji mengi na sabuni. Namkunda alikuwa akichovya kitambaa katika maji baridi ya mtungi, akikikamua, akikiweka juu ya uvimbe. Pembeni palikuwa na jani nene la mshubiri limepasuliwa, na ute wake umepakwa juu ya alama. Na kuzunguka ule wekundu, Nakiete alikuwa amechora mstari kwa kipande cha mkaa.

"Huo mstari wa nini?" akauliza Mbonea.

"Wa kutuambia ukweli. Wekundu ukibaki ndani, tunangoja. Ukitoka, tutajua umetoka. Wewe ungeniambia umefika begani, na mimi ningekwambia haujaondoka mahali pake."

"Basi? Ni hivyo tu? Maji na jani?"

"Maji, jani, na kungoja. Nikishindwa kupumua, au tumbo likikaza kama jiwe, nibebeni mnipeleke kwa mganga Ngoda, ng'ambo ya mto. Msinisubiri nikubali."

Kungoja! Katika dawa zote za dunia, hiyo ndiyo Mbonea hakuwa nayo.

Habari zikaenea, majirani wakaja. Mama Kihiyo alikuja na tumbaku ya kutafuna. "Mbandike hii, itavuta sumu." Nakiete akasema, "Ahsante, mwenzangu. Weka hapo nje." Mrutu, mdogo wake Mbonea, akaja na wembe. "Tukuchanje, shemeji, damu mbaya itoke." Nakiete akasema, "Ahsante, shemeji. Weka hapo nje." Kibibi Nasero akaja na jiwe lililotoka motoni, amelishika kwa majani ya mgomba. "Mchomeni palepale." Nakiete akasema, "Ahsante, bibi. Nje kabisa."

Wote walikwenda zao. Lakini dawa zilibaki pale nje, na Mbonea naye alikuwa pale nje. Akaiangalia tumbaku, akauangalia wembe. Akaingia kuuangalia mstari. Akatoka. Akaingia. Akadhani kwamba wekundu umesogea. Akainamisha kichwa upande huu, haukusogea. Akakiinamisha upande ule, umesogea!

Mchana Nakiete alipitiwa na usingizi, na Namkunda alikwenda kujinyoosha, mgongo ulikuwa ukimuuma. Mbonea akabaki peke yake na ule mkono.

Hakuugusa wembe. Kwa hilo tumsifu. Lakini alitafuna tumbaku, akachanganya na pilipili kidogo ili iwe kali, akaibandika juu ya mshubiri. Kisha akachukua kamba ya mgomba, akaufunga mkono chini ya kiwiko, akakaza, akakaza, akakaza, ili sumu isipande. Akaketi. Kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ukashuka kidogo, kwa kuwa alikuwa amefanya kitu.

Nakiete aliamka kwa maumivu. Akaangalia mkono wake. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi, vimekuwa vya rangi ya zambarau, na baridi.

"Baba Namkunda, umenifanya nini?"

"Nimeifunga sumu."

"Umefunga damu! Fungua! Fungua haraka!"

Mbonea akang'ang'ana na fundo. Alikuwa amelikaza mno. Ikabidi Namkunda aje mbio, tumbo mbele, na kisu cha jikoni, akakata kamba. Damu ilirudi, na Nakiete aliuma upindo wa kanga yake asilie. Wakaosha tumbaku na pilipili, lakini ngozi ilikuwa imekwisha babuka.

Nakiete hakumpigia kelele mumewe. Alisema kwa sauti ya chini, "Buibui aliniuma mara moja. Wewe umeniuma mara ya pili."

Mbonea alitoka nje. Akazunguka nyumba, akarudi. Akazunguka, akarudi. Akazunguka, akashindwa kuingia, akasimama penye kona ameegemeza paji la uso ukutani.

Kulipokucha, wekundu ulikuwa umeupita mstari. Safari hii hayakuwa macho ya Mbonea tu. Hata Namkunda aliuona. Nakiete alikuwa na homa kidogo na kwapa lilimuuma. Akachukua mkaa kwa mkono wa kushoto, akachora mstari wa pili, chini tu ya kiwiko.

"Tengenezeni machela," akasema. "Ukiukaribia huu, ndiyo safari ya kwa Ngoda."

Mbonea alikata miti, akafunga machela, na maskini, mafundo yale aliyafunga vizuri sana. Akaita, "Tayari! Twende sasa hivi! Tusingoje mstari!"

Na Nakiete, kwa mara ya kwanza, akakubali. "Twende," akasema. Akainuka.

Hapo Namkunda akashika mlango kwa mikono miwili. "Mama," akasema. "Mama, chupa ya uzazi imepasuka."

Wote watatu wakatazamana. Mto ulikuwa mbali, na mtoto hakuwa mbali.

Mbonea akasema, "Mama Namkunda, panda machela. Nitamwita Mama Kihiyo amwangalie Namkunda."

"Mama Kihiyo hajawahi kupokea hata mbuzi."

"Mkono wako je?"

"Mkono wangu unauma. Mwanangu anazaa. Mwite Mama Kihiyo awe mikono yangu, mimi nitasema."

Mama Kihiyo akaja mbio, akapiga magoti mbele. Nakiete akaketi kando, mkono mmoja kwenye mto, mwingine juu ya tumbo la bintiye. Lakini Namkunda hakuwa na wa kumwegemea. Alishika ukuta, akateleza; alishika nguzo, akateleza.

"Baba Namkunda!" akaita Nakiete. "Ingia ukae nyuma ya mwanao."

Mbonea, aliyekuwa mlangoni, akarudi nyuma. "Mimi? Mwanamume? Humo?"

"Una kifua au huna?"

Akaingia. Akageuzia macho ukutani, akaketi chini, akaweka kifua chake kwenye mgongo wa binti yake. Namkunda akamshika magoti yote mawili, na kucha zake zikazama. Goti lile lililozoea kucheza likataka kucheza.

"Kaa," akasema Nakiete.

Namkunda alisukuma. Mbonea aligeuza shingo. "Mstari? Mama Namkunda, wekundu umefika wapi?"

"Kaa."

Namkunda alilia. Jasho lake lilimlowesha Mbonea kifuani. "Mstari umefika wapi? Niambie tu!"

"Kaa, mume wangu."

Akakaa. Jamani, alikaa! Mguu ukafa ganzi, akakaa. Nzi akatua kwenye pua yake, akakaa. Alisikia moyo wa binti yake ukipiga ndani ya kifua chake mwenyewe. Alimsikia mkewe akisema, kwa sauti ya mtu mwenye homa lakini isiyotikisika, "Polepole, Mama Kihiyo. Usivute. Pokea tu. Usivute." Kila kitu ndani yake kilitaka kusimama na kukimbia, na akabaki pale pale.

Jua lilipokuwa utosini, mtoto wa kike alilia.

Mama Kihiyo naye akalia. Namkunda akacheka. Mbonea hakusimama mpaka alipoambiwa simama, na alipoambiwa, akatambaa hadi kwa mkewe, akauinua mkono wake kwa ncha za vidole.

Wekundu haukuwa umeufikia mstari wa pili. Ulikuwa umekoma kati ya mistari miwili, na kingo zake zilianza kupauka.

"Umekoma," akasema.

"Najua," akasema Nakiete, akafumba macho.

Hata hivyo walimbeba siku iliyofuata hadi kwa Ngoda, mtoto amekwisha nyonya vizuri na Mama Kihiyo akimwangalia mzazi. Mganga aliukagua mkono, akausafisha, akasema kuumwa kule kungepona kwenyewe kwa maji na mshubiri, lakini akauliza alama ya kamba pale chini ya kiwiko imetoka wapi. Nakiete akatazama pembeni. Mbonea akasema, "Ni mimi," akaeleza yote, bila kuacha hata pilipili.

Uvimbe ulishuka. Ngozi ikakauka, ikabanduka, ikaota nyingine. Lakini vidole viwili, cha mwisho na cha karibu yake, havikupata tena kuhisi kitu. Kama ni kwa sababu ya Buibui au kwa sababu ya kamba, Ngoda hakuweza kusema, na Mbonea alibaki na swali hilo maisha yake yote. Kuna siku alilibeba vizuri, kuna siku halikumpa usingizi.

Namkunda hakurudi haraka kwa mumewe. Siku moja, mtoto akiwa amekwisha kukaza shingo, alikuja mtu mbio kutoka kijiji cha chini: mke wake ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Nakiete akafunga kanga, akauangalia mkono wake wa kulia, akaufungua, akaufumba.

"Namkunda," akasema. "Mfunge mtoto mgongoni, twende."

"Mama, mimi najua nini?"

"Hujui kitu. Nitakuonyesha. Vidole vyangu viwili vimelala, na pale niendako nitavihitaji. Utakuwa wewe."

Mbonea alisimama uani akiwatazama wakishuka mteremko, mkewe mbele, binti nyuma, kichwa cha mjukuu kikicheza juu ya kanga. Alitaka sana kuwafuata. Hakuwafuata.

Na mimi siwafuati. Hadithi yangu imekomea hapo hapo uani.