Mtungi wa Mkwe

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya sungura kuvaa kanzu, la, ni zamani ya juzi tu, soda zilikuwepo na simu zilikuwepo, palikuwa na chuo kidogo cha wazamiaji huko milimani, kando ya ziwa la shimo. Ziwa la shimo ni lile lililokaa pale mlima ulipowaka moto zamani ukatumbuka. Upana wake si kitu cha kusimulia, ila kina chake kiliwashinda waliokipima. Waliosoma pale walifunzwa kushuka mahali jua halifiki, ili baadaye wakatengeneze malango ya mabwawa ya umeme, kazi ambayo mzamiaji wa kawaida haithubutu.

Kushuka huko hakuendi na hewa hii tunayovuta bure hapa barazani. Hewa hii ukienda nayo chini sana inalevya: mtu hucheka peke yake, akasahau njia ya kurudi. Basi wao hupumua gesi za kuchanganywa. Mgongoni hubeba mtungi wa chini, wenye heliamu, gesi ile ya kujazia maputo, ili akili ibaki kichwani. Ubavuni hubeba mitungi miwili ya safari ya kurudi: mmoja wa kati, wa nusu ya njia, na mmoja wa juu, wa karibu na uso wa maji. Huo wa juu ni oksijeni tupu. Karibu na uso wa maji oksijeni tupu ni dawa, inasafisha damu. Ukiivuta chini ni sumu: mwili hukamatwa na degedege, kipumulio hutoka mdomoni, na maji hayabishi hodi. Chumvi iungayo mchuzi ndiyo iuharibuyo, au nasema uongo? Tofauti ni kwamba mchuzi ulioharibika unamwagwa na kupikwa mwingine.

Kwa hiyo chuo kilikuwa na sharti moja kubwa. Asubuhi ya kuzama, kila mtu apime mtungi wake mwenyewe kwa kipimo cha gesi, asome kwa macho yake, aandike kwenye utepe, aubandike shingoni mwa mtungi. Hapimiwi mtu. Mwalimu wao, Mwalimu Kihiyo, aliwaimbisha sharti hilo kama watoto wa chekechea. Yeye husema, "Mkono hukosea!" Nao huitika, "Kipimo hakina haya!"

Walioitika kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa Mboni na Hiza. Hawa hawakuzaliwa tumbo moja, lakini walilelewa ua mmoja. Mama yake Mboni alifariki binti angali mchanga, na jirani, Bi. Zahabu, mama yake Hiza, akamchukua. Aliwanyonyesha wote wawili, huyu titi hili na yule titi lile. Mboni hakuwa na mama mwingine wala nyumba nyingine duniani, na alijua hivyo kila alipoingia jikoni kwa Bi. Zahabu na kufunua sufuria bila kuomba.

Sasa mitungi ya chuo ilikuwa ikijazwa na Fundi Shelukindo, mzee wa makamo, mchanganyaji wa gesi tangu chuo kilipofunguliwa. Na Hiza, katika mabinti wote wa milima ile, alikwenda kumpenda binti wa fundi! Posa ikapelekwa, ikakubaliwa. Kwao huko mkwe ni mtu wa kuogopwa. Huli naye sahani moja, humkatizi njia, hubishani naye, na akikosea humwambii mbele za watu. Hiza alilelewa vizuri na hayo aliyashika yote.

Siku ya mtihani wa mwisho ikafika. Asubuhi ile fundi alikuwa akijaza mitungi ya Hiza, mara wageni wa harusi wakapiga hodi. Akaacha kazi, akawakaribisha, akawaagizia chai, akarudi. Mikono ilirudi kwenye mitungi, moyo ukabaki kwa wageni. Oksijeni tupu akaitia kwenye mtungi wa kati, na gesi ya kati akaitia kwenye mtungi wa juu. Hayo tunayajua mimi na ninyi. Wao hawakuyajua.

"Huu wako wa kati, huu wa juu," fundi akamwambia Hiza, akaketi kwenye kigoda karibu na wageni wake, wakawa wanawatazama vijana.

Mboni akapima mitungi yake, akaandika, akabandika. Akampa Hiza kipimo. Hiza akakishika. Akakigeuza huku na huku, akamtazama mkwewe, akainamisha kichwa.

"Mboni, siwezi," akanong'ona.

"Huwezi nini?"

"Nimpime baba mkwe mbele ya wageni wake? Si ndiyo kusema simwamini?"

"Unayepima si yeye. Unapima gesi."

"Gesi si kazi ya mkono wake? Watakwenda kusimulia huko: mkwe mwenyewe hajaoa, kashaanza kumkagua mzee."

"Basi ngoja aondoke."

"Aende wapi na chai ndiyo kwanza imemiminwa? Dada, nisitiri. Leo tu."

Akakunjua utepe, akaandika KATI, akaandika JUU, akabandika. Kipimo akakirudisha kwenye sanduku lake.

Mboni aliona. Alitaka kusema. Lakini alifikiri: nikisema, nitamvua nguo ndugu yangu mbele ya wakweze. Tena kule chini, kabla ya mtu kubadili mtungi, mwenzake hulifuata bomba kwa mkono, toka shingo ya mtungi hadi mdomoni, na kuusoma utepe. Nitamwangalia vizuri kule. Akanyamaza.

Fundi Shelukindo naye aliona. Kumbe angesema, "Pima, mwanangu," kazi ingekwisha. Lakini wageni walikuwa wamegusana viwiko, mmoja akatikisa kichwa kwa kusifu, "Kijana ana adabu huyu," na fundi akajisikia mtu mzito. Akanyamaza.

Mwalimu Kihiyo akaja anapangusa mikono. Akakiona kipimo kimeshafungiwa sandukuni mapema kuliko alivyotarajia. Kawaida yake alikuwa akisimama na kutazama kila mtungi ukipimwa, ila asubuhi hiyo alikwenda kukagua boti.

"Mmepima?"

"Tumepima," wakajibu wote wawili.

Shaka ilimgusa. Lakini kuwarudisha wapime tena mbele ya fundi, mzee aliyempokea chuoni na kumpa chumba alipokuwa hana mahali pa kulala? Angeonekana anamtilia nani shaka? Mwalimu akanyamaza.

Watu watatu, vinywa vitatu, kimya kimoja. Natamani ningekuwepo nipige hata kelele za kipumbavu. Haya, twendeni majini.

Wakashuka wakifuata kamba, Mwalimu nyuma yao, taa zao zikipasua giza. Wakafika chini, wakafunga pingu, ile ya kuunganishia minyororo, kwenye chuma walichowekewa kama mtihani, vizuri kabisa, bila papara. Wakaanza kupanda. Walipofika mahali pa kuuacha mtungi wa chini, Hiza akaonyesha mtungi wa kati. Mboni akalifuata bomba kwa mkono wake, kutoka shingo ya mtungi hadi mdomoni mwa ndugu yake, kama alivyojiahidi. Utepe ulisema KATI. Akausoma mara mbili. Kisha akafanya alama ya sawa kwa vidole vyake.

Hiza akabadili kipumulio, akavuta pumzi, akamkonyeza. Alikuwa mtu wa mzaha hata mahali pasipofaa.

Kisha midomo yake ikaanza kucheza. Mboni alidhani anacheka. Halafu mwili wote ukakakamaa, mgongo ukapinda, kipumulio kikatoka na mapovu yakafumka. Mboni akakikamata akitafuta kinywa cha kukirudishia. Meno yalikuwa yameumana. Mwalimu akafika, wakajaribu wote wawili, taya halikufunguka.

Hapo wasikilizaji nawaomba utulivu. Mtu aliyekaa chini vile, damu yake imeshiba gesi. Akipanda polepole, akisimama kituo hadi kituo, gesi hutoka taratibu kwa pumzi. Akikimbilia juu, damu hutoa povu kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa, na mtu hufa au hubaki kiwete. Kwenye kamba ile walikuwa watu watatu pamoja na Mwalimu mwenyewe, na mmoja kati yao alikuwa anazama ndani ya kifua chake mwenyewe. Mwalimu akaijaza upepo fulana ya kuelea aliyovaa Hiza, akamwachia apande peke yake hadi juu, kwenye boti, alikokuwa amekaa fundi pamoja na mwendesha boti. Mboni akarusha mateke amfuate. Mwalimu akamshika mkanda. Mboni akampiga ngumi ya uso, miwani ya Mwalimu ikaingia maji. Mwalimu hakumwachia.

Wakabaki kwenye kamba. Kituo cha kwanza wakasubiri. Cha pili wakasubiri. Mboni alitazama juu, akaliona tumbo la boti, dogo, likiyumba upande mmoja kama kuna watu wanaovuta kitu kizito. Kisha akasikia injini ikiwashwa, boti likaondoka kwa kasi kwenda ufukoni, maji yakabaki yametulia. Akalia. Machozi ndani ya miwani ya maji hayafutiki, hukaa hapo hapo machoni. Alitaka kujua jambo moja tu, yu hai au hayupo, na hakuna aliyeweza kumwambia. Alipangiwa kungoja na akangoja, akivuta gesi aliyoipima mwenyewe asubuhi.

Walipotoka majini, fundi alikuwa ameketi kwenye mchanga, kichwa cha mkwewe mapajani. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Wakaipima ile mitungi. Kipimo kikasema.

Wakamzika. Bi. Zahabu hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka wake, akapokea pole za watu, akaacha chakula kikapoa. Siku ya kuondoa matanga, kabla wafiwa hawajatawanyika, akawaita wale watatu uani, akawaketisha mbele yake.

"Nimesikia habari nusunusu," akasema. "Leo nataka nzima. Mimi ni mtu mzima, nguvu zangu chache. Sina nguvu ya kuwachukia watu watatu, nitakufa. Kumsamehe kila mtu nako siwezi, nitamdhulumu mwanangu. Wawili kati yenu nitawapa mkono, tutakunywa kahawa. Mmoja asiukanyage tena ua huu, hata siku ya maziko yangu. Semeni."

Fundi Shelukindo akaanza, kofia mkononi. "Bi. Zahabu, mkono uliotia sumu ni huu hapa, sikatai. Lakini sharti la kupima liliwekwa kwa sababu mkono wa fundi hukosea. Miaka yote nimekosea na vijana wamenigundua, tukacheka, nikajaza upya. Hukumu yangu si kukosea. Hukumu yangu ni kwamba nilimwona hapimi, nikafurahi. Niliipenda heshima yake kuliko uhai wake. Basi. Lakini mimi sikuwa na kauli ya kumkataza asishuke. Mwalimu alikuwa nayo."

Mwalimu Kihiyo akasema, "Ni kweli, mama, neno langu lingemzuia. Niliuliza, nikajibiwa tumepima. Ningewaambia waongo? Lakini moyo ulinigonga na nikauzima, nikamwonea haya mzee. Na kule chini mimi ndiye niliyemwachia apande peke yake bila mtu wa kumshika, na mimi ndiye niliyemzuia Mboni. Ningemwacha amfuate, leo ungekuwa na makaburi mawili. Kama hilo ni kosa, nitalirudia kesho. Lakini mimi sikujua. Kuna aliyejua."

Wote wakageuka. Mboni alikuwa amekazia macho mkeka. Bi. Zahabu alimfunza kukaa hivyo mbele ya wakubwa, miguu imekunjwa, mikono mapajani.

"Nilijua, mama," akasema. "Nilikiona kipimo kikirudi sandukuni. Aliniambia, dada nisitiri, nami nikamsitiri. Na mwalimu alipouliza, sauti yangu ilitangulia kusema tumepima. Yule kijana alikuwa mtu mzima, hajafungwa mikono, na si mimi niliyekosea gesi. Lakini mkono wangu ndio uliofuata lile bomba. Mkono wangu ndio uliomwambia sawa, vuta. Akanikonyeza, mama. Alinishukuru."

Akataka kulia kwenye mapaja ya mama yake kama alivyozoea, akakumbuka kwamba huenda mapaja hayo si yake tena, akajizuia.

Bi. Zahabu akawatazama mmoja mmoja. "Na huyo aliyesema hawezi kumpima mkwe mbele ya watu," akasema polepole, "maneno hayo aliyatoa kwangu. Nilimfunza mimi, hapa hapa uani, kwa fimbo. Yangu nimeshajihukumu, hayo niachieni. Nataka yenu."

Akainuka, goti likalia. Akanyoosha mkono wake wa kulia, mkono wa kwanza, mbele ya watu watatu waliokuwa hawapumui.

Sasa mimi hadithi yangu nimeitua. Msinitazame mimi, tazamaneni. Mmoja alikosea na akafurahia heshima, mmoja alishuku akaona haya, mmoja alijua na akasitiri. Mikono ya mama ni miwili na watu ni watatu. Je, nani kati yao hakustahili kupewa mkono?